Kipima mwendo kinachoruka nane-nane: tatizo si sumaku

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi simu hapa Shinyanga, na kazini naenda na baiskeli, Phoenix ya tairi 28. Nimeamua kujitengenezea kipima mwendo badala ya kununua. Nimetoa swichi ya sumaku kwenye kengele mbovu ya mlango nikaifunga kwenye foku ya mbele, sumaku nikaifunga kwenye spoku, na kwa waya wa iyafoni iliyokufa nikaunganisha hadi kwenye simu. Kila gurudumu likizunguka, simu inapokea 'tik' kupitia njia ya maiki. Mdogo wangu kaniandikia programu ya kuhesabu hizo tik kila sekunde na kuzigeuza kuwa kilomita kwa saa. Matatizo ni matatu. Kwanza, mwendo unaruka: 0, 8, 16, 24. Hakuna 12, hakuna 20. Nafikiria kuongeza sumaku ziwe nne, ni sawa? Pili, nikiendesha, muziki kwenye simu unajiwasha na kujizima wenyewe. Tatu, simu ninayotaka kuhamia haina tundu la iyafoni. Na kuna jamaa ananicheka, anasema GPS ingetosha."

Marahaba, fundi. Umefika mbali kuliko wengi wanaoniuliza jambo hili, maana wengi huanza kwa kuuliza wanunue nini. Wewe tik unayo tayari. Kazi iliyobaki ni kuisoma vizuri, na kosa lako la kwanza liko hapo hapo kwenye kusoma.

Tuanze na hiyo nane. Tairi lako likizunguka mara moja, baiskeli inasogea kama mita 2.2. Programu ya mdogo wako inasubiri sekunde moja ipite, inahesabu tik ilizopata. Ikipata moja, inasema umekwenda mita 2.2 kwa sekunde. Zidisha kwa 3.6, unapata kilomita 7.9 kwa saa. Ikipata mbili, 15.8. Tatu, 23.8. Tik mbili na nusu hakuna, kwa hiyo 20 haitatokea kamwe hata ukanyage pedeli kwa mwendo wa 20 kutwa nzima. Simu itakuwa inabahatisha: sekunde hii imedaka mbili, inayofuata imedaka tatu, nawe unaona 16, 24, 24, 16.

Mdogo wako anaweza kukuambia arefushe muda wa kuhesabu. Akiufanya sekunde kumi, hatua itashuka hadi 0.8, ni kweli, lakini utakuwa unasoma habari za nyuma: umeshafunga breki na kushuka, kioo bado kinasema 18. Akiufupisha uwe nusu sekunde, hatua inapanda hadi karibu 16. Ukivuta shuka kichwani, miguu inabaki nje.

Dawa ni kuacha kuhesabu tik ndani ya muda, na badala yake kupima muda kati ya tik na tik. Simu isiulizwe "gurudumu limezunguka mara ngapi sekunde hii?" Iulizwe "mzunguko huu mmoja umechukua muda gani?" Kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa, gurudumu lako linachukua sekunde 0.396 kumaliza mzunguko. Kwa 21, sekunde 0.377. Tofauti ni milisekunde 19. Kwako na kwangu huo ni muda usioonekana, lakini simu inaporekodi sauti kwa kawaida huchukua sampuli 44,100 kila sekunde, kwa hiyo ndani ya hizo milisekunde 19 inakuwa imechukua sampuli zaidi ya 800. Una saa kali mno mfukoni, ila ulikuwa unaitumia kama kibuyu cha kuhesabia mbegu.

Hesabu yenyewe ni fupi: mzingo wa tairi kwa mita, gawa kwa sekunde za mzunguko mmoja, zidisha kwa 3.6. Mita 2.2 gawa kwa 0.396 ni 5.56, mara 3.6 ni 20. Basi.

Sasa kuna mtego mmoja unaowanasa karibu wote wanaoandika programu hii kwa mara ya kwanza. Ukisimama, tik haiji. Isipokuja, hakuna hesabu mpya, na kioo kinabaki na namba ya mwisho milele: umeegesha chini ya mwembe, simu inasisitiza unakwenda 14. Wengi huweka kanuni kwamba zikipita sekunde tatu bila tik, andika sifuri. Inasaidia, lakini mwendo unakuwa unaganda kisha unaanguka ghafla. Mwambie mdogo wako aongeze hivi: wakati anasubiri tik, aendelee kugawa mzingo kwa muda uliokwisha kupita tangu tik ya mwisho, na kama jibu ni dogo kuliko mwendo ulioonyeshwa, aonyeshe hilo dogo. Mantiki yake ni nyepesi. Kama sekunde nzima imepita na gurudumu halijamaliza mzunguko, basi kwa vyovyote huwezi kuwa unakwenda zaidi ya 7.9. Zikipita mbili, huwezi kuwa zaidi ya 4. Namba inashuka taratibu kama mshale wa gari, na kwenye sekunde ya tatu unaikata iwe sifuri.

Kuhusu sumaku nne: ungebaki na njia ya kuhesabu, zingekupunguzia hatua kutoka 8 hadi 2. Lakini ukihamia kwenye kupima muda zinakuharibia. Spoku hupishana, na ukizifunga sumaku kwa macho hutapata robo nne zilizo sawa. Robo moja ikiwa fupi kwa asilimia tano na jirani yake ndefu kwa asilimia tano, kioo kitacheza kati ya 19 na 21 hata ukiwa unakwenda 20 kamili. Sumaku moja haina ugonjwa huo, kwa sababu mzunguko mzima ni mzunguko mzima popote ulipoifunga. Baki na moja. Kama unataka namba itulie kwenye kioo, chukua wastani wa mizunguko miwili au mitatu ya mwisho.

Mita 2.2 niliyotumia ni ya kukisia, usiiandike kwenye programu. Tairi la Phoenix ya kawaida limeandikwa 28 x 1 1/2, na pembeni pengine utaona 40-635. Hizo namba za pili ndizo za maana: rimu ina kipenyo cha milimita 635 pale tairi linapokalia, na tairi lina unene wa 40. Jumlisha 40 mbili, unapata 715, mara 3.14, milimita 2,245. Lakini hiyo ni ya tairi lisilobeba mtu. Ukikaa, tairi linabonyea na mzingo wa kweli unapungua. Angalia pia usiazime namba ya rafiki mwenye baiskeli ya mashindano kwa kuwa tu na lake limeandikwa 28: matairi ya 700C nayo huitwa 28, na rimu zake ni za 622.

Njia ya uhakika ni chaki. Jaza upepo kama unavyojaza siku zote. Simamisha baiskeli pundo likiwa chini kabisa, piga mstari sakafuni. Kaa juu, mtu akushike asikuache uyumbe, songa mbele mizunguko mitano hadi pundo lirudi chini mara ya tano, piga mstari wa pili. Pima kwa futi kamba, gawa kwa tano. Kosa la sentimita mbili kwenye mita kumi na moja ni dogo. Kosa hilo hilo kwenye mzunguko mmoja ni karibu asilimia moja, na asilimia moja ni kilomita nzima katika safari ya kilomita mia.

Sasa tuje kwenye muziki unaojiwasha. Hapa nimecheka kidogo, nisamehe, kwa sababu simu yako haina hitilafu, inakutii. Wewe fundi simu unajua kitufe cha kwenye waya wa iyafoni kinavyofanya kazi: kinaunganisha njia ya maiki na ardhi. Simu za Android zinafuata utaratibu ambapo ukinzani wa omu 70 au pungufu kati ya maiki na ardhi ni amri ya "cheza au simamisha". Swichi yako ya mlango ikijifunga ina karibu sifuri. Kwa hiyo kila mzunguko wa gurudumu unabonyeza kitufe. Na kama bado hujakutana nalo, siku utakaposimama sumaku ikiwa imeelekeana na swichi, simu itaona kitufe kimeshikiliwa na itamwamsha yule msaidizi wa sauti akuulize akusaidie nini.

Tiba ni rezista mbili za senti chache. Ya kwanza, kilo-omu 2.2, iunganishe moja kwa moja kati ya maiki na ardhi, ikae hapo daima. Hiyo inaifanya simu iamini kuna maiki ya kweli, maana simu hutegemea kuona omu 1,000 au zaidi. Ya pili, kilo-omu 22, iweke mfululizo na swichi, kisha hiyo jozi uiunganishe sambamba na ile ya kwanza. Swichi ikiwa wazi, simu inaona 2.2, ikijifunga, inaona kilo-omu 2.0 hivi. Haikaribii hata kidogo eneo la vitufe. Lakini njia ya maiki ina umeme mdogo unaotoka kwenye simu yenyewe, tuseme volti mbili zikipitia rezista ya ndani ya kilo-omu 2.2, na mabadiliko hayo madogo yanaisogeza volti kwa kama milivolti 50. Kwa mlango wa maiki, uliozoea milivolti chache za sauti ya mtu, hicho ni kishindo. Ukiona tik zako kwenye kioo zimekatwa vichwa kwa ukubwa, rezista ya pili ipandishe hadi kilo-omu 47. Zikiwa dhaifu, shuka hadi 10. Kwa njia hii hata muziki unaweza kuendelea kusikiliza kwa spika ya simu, ingawa barabarani sikushauri.

Mpangilio wa pini unaujua, ila nikukumbushe kwa ajili ya wengine wanaosoma: kwenye jeki ya sehemu nne ya simu za sasa, ncha ni spika ya kushoto, pete ya kwanza kulia, pete ya pili ardhi, na shina ni maiki. Simu nyingine za zamani zilibadilisha ardhi na maiki. Waya za iyafoni zimepakwa vanishi. Zisipounguzwa kwa ncha ya solda yenye moto wa kutosha, lehemu haishiki, na mtu anaweza kulaumu sakiti wiki nzima kumbe waya haujagusana.

Kuna jambo jingine utakaloliona ukirekodi sauti na kuitazama mchoro wake: kila mzunguko unaleta miiba miwili, mmoja wa juu na mmoja wa chini. Usishtuke. Ndani ya simu njia ya maiki ina kapasita inayopitisha mabadiliko tu, si hali iliyotulia. Swichi ikifunga unapata mwiba wa upande mmoja, ikifungua unapata wa upande mwingine. Juu ya hapo, vibamba viwili vya chuma ndani ya kile kijibomba cha kioo cha swichi hudunda kidogo vinapogusana, kwa hiyo mwiba mmoja unaweza kuwa na vimiiba vya pembeni. Programu ichukue mwiba wa kwanza unaovuka kiwango ulichoweka, kisha ijifanye kiziwi kwa milisekunde 100. Mita 2.2 ndani ya milisekunde 100 ni kilomita 79 kwa saa, na Phoenix yenye breki za fito ikifika huko, kipima mwendo kitakuwa shida yako ndogo kuliko zote.

Kama mwendo unasoma mara mbili hasa ya ule wa kweli, angalia sumaku kabla ya programu. Swichi hizi hujifunga pale uga wa sumaku unapopita kwa urefu wake. Sumaku ikielekezwa vibaya, swichi inafunga sumaku inapokaribia, inafungua katikati, inafunga tena inapoondoka. Igeuze sumaku robo duara, ujaribu tena. Mwanya uwe milimita tatu hadi tano. Na tafadhali, ukikunja miguu ya swichi tupu isiyo na ganda, shika kwa koleo kati ya kioo na pale unapokunja, la sivyo kioo kinapasuka mstari usioonekana na swichi inakufa baada ya siku mbili.

Mahali pa kuifunga: chini kwenye foku, sio juu karibu na rimu. Juu kuna fito na kiatu cha breki, lakini sababu kubwa zaidi ni muda. Chukua kwamba sumaku inaifunga swichi kwa upana wa sentimita mbili. Ikiwa sentimita 30 kutoka katikati ya gurudumu, kwa mwendo wa 40 swichi inafungwa kwa milisekunde 2 tu. Ikiwa sentimita 12, ni zaidi ya 5. Kwa swichi yenyewe zote zinatosha, lakini ukiwa karibu na kitovu unasamehewa makosa mengi ya mwanya na mtikisiko. Foku ya Phoenix ni chuma, na chuma hunyonya uga wa sumaku, hivyo weka kipande cha mpira wa tyubu kuukuu kati ya swichi na foku ili isilale juu ya chuma. Kama una dainamo ya taa upande mmoja, swichi iwe upande wa pili. (Najua litakuja swali: je, dainamo yenyewe isingekuwa kihisi? Ingekuwa, umeme wake unapanda na kushuka kulingana na mwendo. Lakini ni volti sita kwa jina tu. Gizani balbu ikiungua zinapaa, na sitaki kukutumia rambirambi za simu.)

Sumaku nzuri kuliko ya kengele ya mlango ipo kwenye diski za kompyuta zilizokufa. Ukiipata, itoe kwa tahadhari, ikivunjika vipande vyake ni vikali na vinabana vidole. Ndogo za kwenye iyafoni nazo zinatosha kama mwanya ni mdogo.

Kabla hamjaandika mstari mwingine wa programu, pakua phyphox, programu ya bure iliyotengenezwa na chuo kikuu cha RWTH Aachen cha Ujerumani kwa ajili ya majaribio ya fizikia. Ina saa inayowashwa kwa sauti: unaiwekea kiwango, inakupa muda kati ya kishindo na kishindo. Pindua baiskeli miguu juu, zungusha gurudumu kwa mkono, uone muda ukirefuka kadiri gurudumu linavyopoa. Ukirefuka kwa mpangilio, waya na sumaku ziko sawa. Ukirukaruka, usimsumbue mdogo wako, rudi kwenye foku.

Naye mdogo wako mpe dokezo hili, litamwokolea usiku mzima: simu husafisha sauti ya maiki kabla ya kuikabidhi kwa programu. Inapandisha na kushusha nguvu yenyewe, inafuta kile inachodhani ni kelele, na tik inayojirudia kwa mpangilio ni kelele hasa machoni pake. Ndiyo maana unaweza kuona tik kumi za kwanza ziko wazi kisha zinafifia. Kwenye Android, kuanzia toleo la 7, programu inaweza kuomba sauti ghafi kwa kuchagua chanzo kinachoitwa UNPROCESSED. Simu isipokuwa nacho, achague VOICE_RECOGNITION, ambacho kwa simu nyingi hakiguswiguswi sana. Na muda asiuchukue kwenye saa ya simu pale sauti inapomfikia, kwa sababu sauti huletwa kwa mafungu na fungu linaweza kuchelewa. Ahesabu sampuli ngapi zimepita kati ya mwiba na mwiba, agawe kwa 44,100.

Simu isiyo na tundu. Kabla ya kuhangaika, jaribu kile kijiwaya cha kugeuza USB-C kuwa tundu la iyafoni. Chukua kile chenye kijisakiti chake cha sauti ndani, sio vile vya bei ya chini kabisa ambavyo ni waya mtupu, kwa sababu hivyo vinafanya kazi kwenye simu chache. Ukichomeka na maiki ya iyafoni ya kawaida ikasikika, basi sakiti yako ya rezista mbili nayo itasikika, na umemaliza.

Lakini kwa kuwa wewe ni mtu wa solda, nakushawishi kwenda hatua moja mbele, uachane na waya. Kibao cha ESP32, yaani kikompyuta kidogo cha sakiti, kinachopatikana Kariakoo na Luthuli Avenue Nairobi na kwa wauzaji wa mtandaoni, kina Bluetooth ndani. Swichi inaunganishwa kati ya pini moja na ardhi, kibao kinapima muda, kinatuma kwa simu. Uzuri wake ni kwamba Bluetooth ina lugha ya pamoja ya vipima mwendo vya baiskeli. Kibao kikiizungumza, programu za mazoezi zinazopokea vihisi vya dukani zinakipokea na chako bila kujua kimezaliwa Shinyanga. Huduma hiyo ina namba 0x1816, na kipimo chenyewe 0x2A5B. Unatuma baiti saba tu. Ya kwanza ni 1, kumaanisha "naleta habari za gurudumu". Nne zinazofuata ni jumla ya mizunguko tangu uwashe. Mbili za mwisho ni wakati wa tik ya mwisho, kwa vipande vya sekunde, kila sekunde ikigawanywa vipande 1,024. Baiti ndogo inatangulia.

Umeona? Waliotunga lugha hiyo hawakutuma mwendo, na hawakutuma tik ngapi kwa sekunde. Wametuma hesabu ya mizunguko na saa ya tik ya mwisho, ili simu ichukue tofauti ya mizunguko igawe kwa tofauti ya muda. Ni dawa ile ile niliyokupa juu. Ndiyo maana kibao kinaweza kutuma mara moja tu kwa sekunde na mwendo bado ukatoka laini.

Makosa manne nimeyaona kwa wanafunzi, na mawili kati yake niliyafanya mwenyewe. Kuna wanaoweka wakati wa kutuma mahali pa wakati wa tik. Namba zinarudi kurukaruka. Kuna wanaozidisha mikrosekunde kwa 1,024 ndani ya namba ya biti 32. Inafurika baada ya sekunde chache na mwendo unakuwa wa roketi, kwa hiyo tumia biti 64. Kuna wanaochagua pini za 34 hadi 39, ambazo kwenye ESP32 hazina rezista ya ndani ya kuvuta juu, swichi ikawa inaelea hewani na kusoma mizimu. Na kuna wanaobadilisha swichi ya kioo kwa kihisi cha sumaku kisicho na vibamba, A3144, kwa sababu hakivunjiki, wakakilisha volti 3.3 za kibao, wakati kinataka 4.5 au zaidi. Swichi yako ya mlango ni imara kuliko inavyodhaniwa. Aina hiyo ilibuniwa Bell Labs huko Marekani mwaka 1936, na haijapata sababu ya kustaafu. Ile saa ya vipande 1,024 nayo hujaa na kurudi sifuri kila sekunde 64. Programu za kawaida zinalijua hilo, ya mdogo wako huenda hailijui, mkumbushe.

Umeme: ESP32 ikiwa na Bluetooth hula kama miliampia 100, kwa hiyo betri moja ya lithiamu ya 18650 yenye miliampia-saa 2,500 itakupa siku nzima na usiku wake. Vihisi vya dukani hukaa miezi kwa betri ya saa kwa sababu vinatumia chipu nyingine na hulala muda mwingi. Kwa mtu anayerudi nyumbani kuchaji kila jioni, haina neno. Kifunike vizuri, mvua ikianza Novemba haitabisha hodi.

Na huyo jamaa wa GPS? Usimbishie sana, ana hoja. Kwenye barabara iliyo wazi kama zenu, GPS ya simu inatoa mwendo mzuri tu, mara moja kwa sekunde, na kama ungekuwa unataka kujua umekwenda kilomita ngapi kazini na kurudi ningekwambia uache solda. Lakini inayumba ukikokota baiskeli taratibu au ukipita kati ya maghorofa, inachelewa ukifunga breki ghafla, inamaliza chaji, na ukiweka baiskeli juu ya stendi ufanye mazoezi ndani, kwake wewe umesimama. Mkitaka kuumaliza ubishi, pimeni kwa futi kamba mita 100 za barabara iliyonyooka, upite nazo mara kumi kwa jumla, mara tano kwenda na mara tano kurudi, kisha kila mmoja asome umbali wake. Kilomita moja kwa mzingo wa 2.2 ni tik 455. Ukipata 448, gawa 1,000 kwa 448: mzingo wako ni 2.232, na hiyo ndiyo namba ya kuandika kwenye programu.